Walioulizwa na Waliokaa Mezani

Mfugaji wa Ijara, Kaunti ya Garissa, akitoka Masalani na ng'ombe wake kuelekea Hulugho na kuzidi kwenda mashariki, hufika kwenye mpaka wa Somalia. Ng'ambo kuna jamaa zake, lugha yake, dini yake. Mpaka huo haukuamuliwa na mtu yeyote aliyewahi kunywesha mifugo huko.

Mwaka 1915 Uingereza, Ufaransa na Urusi ziliiahidi Italia kwa mkataba wa siri kwamba, ikiingia vitani upande wao, itapewa fidia ya ardhi. Vita vilipokwisha, Lord Milner, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alipatana na Vittorio Scialoja wa Italia kuhusu Jubaland, eneo la Mto Juba lililokuwa chini ya Kenya ya Waingereza, na mwaka 1925 likakabidhiwa Italia; ndipo mpaka wetu ukapatikana. Miaka hiyohiyo Lionel Curtis, aliyewahi kufanya kazi chini ya Milner Afrika Kusini, alikuwa akiijenga taasisi ya mambo ya kigeni ya London iliyoanzishwa 1920, ambayo leo tunaiita Chatham House. New York wakaanzisha ya kwao, Council on Foreign Relations, mwaka 1921. Sidai kwamba taasisi hizo ndizo zilizochora mpaka wetu. Ila waliokuwa na kauli juu ya dunia walijuana kwa majina. Waziri, balozi, tajiri wa benki na mhariri wa gazeti walikutana chini ya paa moja, na mfugaji wa Jubaland hakuwa na mtu wa kumsemea pale.

Wazee wa NFD (Northern Frontier District), upande wa Kenya wa mpaka huo, walidhani dawa ni kuulizwa. Mwaka 1962 wakaulizwa kweli. Uingereza ilituma makamishna wawili, Onyiuke wa Nigeria na Meja Jenerali Bogert wa Kanada. Wakazunguka wilaya, wakafanya mabaraza, wakasikiliza. Maoni hayakuwa ya kauli moja, lakini ripoti yao ilisema wazi kwamba Wasomali, waliokuwa wengi, walitaka kujitenga na Kenya wajiunge na Somalia. Machi 1963 Uingereza ikatangaza kwamba eneo hilo litabaki Kenya, liwe mkoa wa saba. Mtu anaweza kuuunga mkono uamuzi huo au kuupinga. Kinachouma ni kwamba watu walitoa ushuhuda wao wote kisha wakaachwa nje ya chumba ulimopimwa. Somalia ikavunja uhusiano na Uingereza. Vita vya Shifta, vya waliotaka kujitenga, vikaendelea hadi 1967, na sheria ya hali ya hatari ikakaa shingoni mwa watu wa Kaskazini Mashariki mpaka 1991.

Somo hilo, kwamba kuulizwa si kuwa na kiti mezani, halijafika Masalani. Tangu jeshi la Kenya liingie Somalia Oktoba 2011, na hasa baada ya watu 148, wengi wao wanafunzi, kuuawa na Al-Shabaab Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015, watafiti hawakauki. Picha inajulikana: chifu anaita watu, viti vya plastiki vinapangwa chini ya mwarubaini, maswali yameandikwa kwa Kiingereza, simu inarekodi. Mwishoni orodha inazunguka, uandike jina, namba ya kitambulisho na sahihi, ndipo upewe nauli. Ripoti huzinduliwa hotelini Nairobi au ng'ambo. Chatham House wana kanuni tangu 1927: yaliyosemwa yaweza kutumika, aliyeyasema hatajwi. Balozi analindwa hivyo. Mama wa Ijara anayesimulia kuhusu Al-Shabaab na vikosi vya usalama, mbele ya majirani, ameacha namba ya kitambulisho chake kwenye karatasi asiyojua inakwenda wapi.

Garissa leo ina chuo kikuu, bunge la kaunti na wasomi wanaoandika vizuri kuliko wageni wengi. Waandike, wadai viti kwenye bodi za taasisi hizo, wasikubali kuwa wakalimani tu. Nawe mkazi wa Masalani, mtafiti akija, muulize kabla hujafungua kinywa: ripoti hii inakwenda mezani kwa nani, orodha hii atabaki nayo nani, na ni lini utarudi kutusomea kwa Kisomali na Kiswahili? Asipojibu, usitie sahihi.