Changizo la Paulo na Utoaji wa Mkristo

Mafundisho marefu kuliko yote ya Agano Jipya juu ya utoaji yamo katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8 na ya 9, ulioandikwa yapata mwaka 55 au 56. Paulo alikuwa akikusanya changizo kwa ajili ya maskini wa kanisa la Yerusalemu. Makanisa ya Makedonia, yenyewe yakiwa katika dhiki, yalimsihi yapewe nafasi ya kushiriki. Wakorintho walikuwa wameahidi tangu mwaka uliotangulia, wakachelewa.

Namna anavyowakumbusha ndiyo yenye uzito. Mtume mwenye mamlaka ya kuagiza anasema waziwazi kwamba haamuru. Hataji kiwango, wala halidai fungu la kumi, ingawa alilelewa katika Ufarisayo na alilijua vizuri. Kila mtu atoe alivyokusudia moyoni, bila huzuni wala kushurutishwa, na kipawa chake kipimwe kwa alicho nacho, si kwa asicho nacho. Lengo analiita usawa: ziada ya hawa izibe upungufu wa wale, na mambo yakigeuka, wale nao wawafae hawa. Kwa hiyo anayetoa hapati cheo juu ya anayepokea. Wote wawili wanakula mezani pa Mungu mmoja.

Paulo hakuishia kwenye moyo tu. Katika waraka wa kwanza, sura ya 16, alishauri kila mtu aweke akiba kidogo kidogo kila siku ya kwanza ya juma, ili pasiwe na haraka ya kuchangisha atakapofika. Fedha hizo hakuzibeba peke yake: aliandamana na ndugu waliochaguliwa na makanisa, mtu yeyote asipate neno la kumlaumu.

Fungu la kumi lenyewe, yaani zaka, lina historia ambayo mahubiri mengi huiruka. Malaki sura ya 3 husomwa mara nyingi. Kumbukumbu la Torati sura ya 14 husomwa kwa nadra. Humo imeagizwa kwamba zaka ya kila mwaka wa tatu iwekwe mjini, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Yesu hakuikataa zaka, bali aliwakemea waliohesabu mnanaa, bizari na jira huku wakiacha haki, rehema na uaminifu. Zaka inayohubiriwa bila yatima na mjane imehubiriwa nusu.

Karibu mwaka 197, Tertuliano wa Karthago aliandika kwamba Wakristo walitoa kidogo kila mwezi, kwa hiari na kwa uwezo wao. Fedha hizo zilizika maskini, zililea mayatima, na kuwasaidia watumwa wazee, waliovunjikiwa merikebu na waliofungwa migodini kwa ajili ya imani.

Katika sharika nyingi za Tanzania, roho hiyo bado inaonekana kwenye sadaka ya mavuno. Asiye na fedha huleta mayai, debe la maharage, kuku aliyefungwa miguu au mkungu wa ndizi. Baada ya ibada mnada hufanyika uwanjani. Mkungu huuzwa kwa bei kubwa kuliko ya sokoni, na pengine mnunuzi huurudisha ukanadiwa tena. Yai la bibi mkulima linaingia hazina ileile ya noti za mfanyabiashara.

Kando ya desturi hiyo njema imeota nyingine, ya kusoma majina na viwango mbele ya waumini. Hiyo ni vigumu kuipatanisha na Mathayo sura ya 6, ambapo Yesu anataka sadaka itolewe kwa siri. Inamtia aibu mwenye kidogo, na hadithi ya mjane aliyetoa senti mbili haiihalalishi. Marko ameiweka mara tu baada ya onyo dhidi ya waandishi wanaokula nyumba za wajane. Haikukusudiwa kumkamua maskini.

Viongozi wa makanisa waache kutangaza nani ametoa nini. Badala yake wawasomee waumini hesabu za matumizi, kwa sauti ileile wanayotumia kuhimiza sadaka, na waseme wazi ni kiasi gani kimewafikia wajane, mayatima na wagonjwa wa usharika.