Kikaratasi cha Bangili

Katika maisha yangu ya uandishi ni sentensi moja tu iliyowahi kuuzwa. Haikutoka kwenye riwaya. Riwaya yangu imo ndani ya daftari kubwa la kaunta, imefika sura ya sita na hapo imelala. Sentensi ninayoisema niliiandika kwa Kiingereza, kwenye kikaratasi chenye tundu la kupitishia uzi, nikaifunga kwenye bangili: hili ni pambo tu, muuzaji hatawajibika kwa madhara yoyote.

Ngoja nieleze. Nilipomaliza kidato cha nne nilikaa kijiweni miezi kadhaa, kisha nikapata kazi ya kusaidia kwenye kibanda cha vinyago pale Mwenge, Dar es Salaam. Mzee mwenye kibanda aliniruhusu nipigilie msumari wangu mmoja ukutani nitundike vitu vyangu. Vitu vyenyewe vilikuwa bangili za shangazi. Shangazi anakaa Bagamoyo, na kwenye ua wake umetambaa mtipitipi, ule mmea wenye mbegu nyekundu zenye doa jeusi. Unazijua, utotoni tulizijaza mifukoni. Shangazi huziloweka kwenye maji ya moto zilainike, huzitoboa moja moja kwa sindano, kisha huzitunga kwenye uzi wa nailoni. Mimi nilimpa elfu moja kwa kila bangili, nikaiuza elfu tano kwa Mzungu. Biashara, bwana.

Siku moja akaja mama mmoja wa Kiingereza, mtu mzima, akaishika bangili, halafu akairudisha msumarini kama aliyeshika kaa la moto. Akaniuliza kama najua ninachouza. Nikamjibu, mbegu hizo mama, kitu cha asili. Akanieleza kuwa kwao, mwaka 2011, bustani maarufu ya Eden Project kule Cornwall iliwatangazia wateja wake warudishe bangili za mbegu hizihizi, zilizotengenezwa Peru.

Nikaenda kusoma. Kumbe kweli. Ndani ya mbegu ile mna sumu iitwayo abrini, na hadi leo haina dawa ya kuikata. Ganda lake ni gumu, ndiyo maana mtoto akiimeza nzima mara nyingi hutoka kama ilivyoingia. Kasheshe ni ganda likivunjika: mbegu ikitafunwa, au ikitobolewa. Hilo la kutobolewa ndilo lililonikalisha chini. Mungu ameifungia sumu ndani, na sisi mafundi tunaifungulia mlango kwa sindano, maana bila tundu hakuna bangili.

Hapo ningeacha. Sikuacha, kwa sababu nilikuwa na bangili ishirini ambazo nilikwisha kuzilipia. Rafiki yangu mmoja anayesoma sheria akaniambia, wewe weka kikaratasi, watu wote huko nje wanaweka. Nikakaa usiku mzima naiandika ile sentensi, nafuta, narudia. Na nasema kweli, ilipokamilika niliiona imenyooka, nikajiona mwandishi. Nikauza bangili kumi na moja.

Swali linalonisumbua ni hili: sentensi ile ilikuwa inamwambia nani, na inamwambia nini? Ningeweza kuandika kwamba mbegu hizi zina sumu na mtoto asizitie mdomoni. Hilo ni onyo, linatoka kwangu kwenda kwa mwenzangu. Niliyoyaandika yalikuwa kinga, yanazunguka na kurudi kwangu: likitokea la kutokea, mimi simo. Kwa macho ya mpita njia vikaratasi hivyo viwili ni ndugu. Lakini onyo lingeniulia soko siku hiyohiyo, na kinga haikuniharibia hata shilingi. Hakuna mteja aliyesoma "madhara yoyote" akauliza madhara gani. Maneno mapana niliyachagua kwa makusudi. Hayana picha ndani yake, na kijana anayejifunza kuandika riwaya anajua picha ikikosekana msomaji haogopi chochote.

Wapo watakaonicheka. Watasema anayeuza kisu hafungi kikaratasi, mnunuzi aangalie mwenyewe. Sawa, lakini kisu kinaonyesha makali yake. Rafiki yangu yuleyule alinisimulia kesi ya mwaka 1932 kule Uingereza, ya Bi. Donoghue. Mwaka 1928, mjini Paisley, Scotland, rafiki yake alimnunulia kinywaji cha tangawizi kwenye chupa isiyoonyesha ndani. Akanywa, na baadaye, kwa madai yake, yakamiminika mabaki ya konokono aliyeoza. Yeye hakununua kitu, hivyo hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Majaji watatu dhidi ya wawili wakaamua kwamba mtengenezaji anawiwa uangalifu na jirani yake, yaani kila ambaye tendo lako laweza kumdhuru na ulipaswa kumfikiria. Na sheria yao inasema huwezi kwa maandishi kujivua dhima ya kifo au jeraha lililotokana na uzembe wako. Kwa hiyo kule kwao sentensi yangu haina thamani hata ya ule uzi.

Jirani. Mmoja wa wateja wangu alikuwa amembeba mtoto mchanga kifuani. Kikaratasi hukatwa kwa mkasi kabla bangili haijavaliwa, na mtoto akianza kutambaa hataulizia kilikuwa kimeandikwa nini.

Nikapanda basi hadi Bagamoyo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu, karibu. Mbona hujabeba mzigo?"

Alikuwa mkekani anatoboa. Kidole gumba amekifunga kitambaa. Jamani, nilikitazama kitambaa kile nikakosa pa kuangalia. Wiki zote zile nilikuwa namfikiria mnunuzi, wakili na mahakama za Wazungu. Nikatunga sentensi kwa Kiingereza kizuri. Huyu anayeshika sindano na sumu kila siku kwa elfu moja yangu, sikumwandikia hata neno kwa Kiswahili.

Nikamweleza yote. Akaiweka sindano chini taratibu.

"Umelijua lini hili?"

"Tangu mwezi uliopita, shangazi."

Akanyamaza. Akazikusanya mbegu, akazitia kwenye kopo la maziwa ya unga, akaenda kunawa mikono, akarudi akanawa tena. Nikamtolea hela ya zile alizokwisha kuzitoboa. Akazipokea, akazihesabu, akaziweka kwenye pindo la kanga.

"Na hao kumi na moja," akaniuliza, "umewaambia?"

Sikuwa na anwani ya hata mmoja.