Mstari Mmoja Kwenye Kitabu cha Ubatizo



Vijana wenzangu, leo nianze na swali dogo. Namba yako ya ubatizo unaikumbuka? Ile LB iliyo kwenye cheti chako? Wengi tunaitafuta siku ya kuandikisha ndoa au kuomba nafasi seminarini, tukishapata tunaisahau tena. Mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Nilipomaliza falsafa, kabla ya kwenda teolojia, niliambiwa nilete cheti kipya cha ubatizo na cheti cha ndoa ya wazazi. Nikaenda parokia ya zamani walikofunga ndoa. Niseme ukweli, nilikwenda na kinyongo. Mimi na mzee wangu tulikuwa hatuongei vizuri karibu miaka miwili. Mimi ndiye mtoto wa kiume peke yangu, na siku nilipomwambia nataka upadre alijibu neno moja tu: "Sasa jina langu linaishia wapi?" Nikamwona mtu asiyejali mambo ya Mungu. Nikanyamaza, naye akanyamaza.

Katibu wa parokia akafungua kitabu cha ndoa. Pembeni mwa jina la baba kulikuwa na LB yake, ya mwaka 1971, parokia hiyo hiyo. Nikaomba na hicho kitabu. Kikaletwa, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Jina la baba lilikuwepo, wazazi wake, msimamizi wake. Halafu maneno matatu ya Kilatini: *in periculo mortis*. Katika hatari ya kufa. Na pale panapoandikwa jina la mbatizaji hapakuwa na jina la padre. Palikuwa na jina la bibi yangu.

Jamani, nilikaa kimya. Bibi amefariki, na hakuwahi kusimulia. Usiku ule mtoto alikuwa anakata roho, padre yuko mbali, mama aliyetoka kujifungua akachukua maji akambatiza mwenyewe. Kanisa linaruhusu: penye lazima, mtu yeyote mwenye nia ya kufanya linavyofanya Kanisa aweza kubatiza. Kisha taarifa hupelekwa kwa paroko ili iandikwe.

Nimesoma falsafa. Ukiniuliza mtu ni nani, naweza kukujibu kwa Boethius na habari za asili yenye akili. Sawa. Lakini kitabu kile kinajibu kwa namna nyingine: mtu ni mtoto wa fulani na fulani, aliyeshikwa na fulani, aliyemwagiwa maji na fulani. Hakuna anayejibatiza. Mathayo naye anaanza Injili yake hivyo hivyo, kwa orodha ndefu ya majina ambayo wengi tunairuka. Humo yumo Tamari, yumo Rahabu, yumo Ruthu, yumo aliyekuwa mke wa Uria. Mungu hakuifuta historia ya familia ili Mwanae azaliwe. Alipita humo humo.

Vitabu hivi si urasimu tu. Mtaguso wa Trento mwaka 1563 uliagiza maparoko watunze kitabu cha ndoa. Mwaka 1614, katika Papa Paulo V, Ibada ya Roma ikaeleza vitabu vya parokia kwa upana zaidi. Leo Kanuni ya 535 inadai kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, na vile vya zamani vitunzwe kwa uangalifu. Pembeni mwa jina lako huongezwa kipaimara, ndoa, daraja takatifu, nadhiri za daima. Maisha yako yote ya imani yanarudi kwenye mstari ule mmoja.

Ukitaka kuwatafuta wa kwenu, anza na wazee wangali hai. Uliza jina la ubatizo, kigango, mwaka wa kukadiria. Kumbuka parokia nyingi zimezaliwa na parokia mama, kwa hiyo kitabu cha babu huenda kiko huko. Anzia kitabu cha ndoa, kitakupeleka kwenye ubatizo. Majina yanaweza kuwa ya Kilatini, Yosefu akawa Josephus. Nenda saa za ofisi, omba ruhusa, usipige picha za majina ya watu wengine. Na jiandae: unaweza kukuta nafasi ya baba iko wazi. Usimhukumu aliyelala. Yule mtoto alibatizwa kwa maji yale yale.

Jioni ile nilimpigia mzee. Nikamsomea nilichoandika. Alinyamaza muda mrefu nikadhani simu imekata. Hakuwahi kujua. Kisha akauliza, "Hicho kitabu bado kipo?" Nikamwambia, "Kipo, baba. Jina lako lipo." Likizo ijayo tutakwenda wote wawili.

Hajasema ndiyo kuhusu upadre, nisiwadanganye. Lakini tunaongea. Na mimi niliyemwona hana Mungu, nimejua kuwa Mungu alimshika kabla hajaweza hata kulia vizuri.

Wiki hii, muulize mzazi wako alibatizwa wapi na nani alikuwa msimamizi wake. Halafu nyamaza, msikilize. Kisha waombee wote walioshika wengine ili wewe ushikwe.

Pembeni mwa mstari wangu bado kuna kipaimara tu. Niombeeni.