KUTAZAMA NYANGUMI: BAINA YA IBRA NA DHULMA

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twapenda kuwajibu wale ndugu zetu waliouliza katika darsa kama yafaa Muislamu kutoa fedha yake, akapanda mashua ndogo, akaenda baharini kutazama nyangumi tu, kisha akarejea mikono mitupu. Wako waliosema kwamba huo ni upuuzi na israfu. Na wako waliosema kuwa ni tafrija ya halali isiyohitaji kuulizwa. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimekata hukumu kabla ya kuijua khabari yenyewe, na maulamaa wetu wametufunza kwamba hukumu ya jambo ni tawi la kulijua.

Basi twaanza na khabari. Baina ya kisiwa cha Vancouver, katika nchi ya Kanada, na jimbo la Washington, katika nchi ya Marekani, kuna bahari yenye visiwa vingi na mikondo ya nguvu, iitwayo Salish. Huko ndiko kazi hii iliko na soko kubwa. Watu hutoka katika bandari kama Victoria na Friday Harbor, wengine katika mashua za mpira zenye mashini, wamevaa mavazi mazito ya kuwakinga na baridi, kwenda kumtazama mnyama aitwaye orka. Rangi yake ni nyeusi yenye mabaka meupe. Dume lake hupata urefu wa mita 8, na pezi la mgongoni mwake husimama kama tanga, likaweza kupita kimo cha mtu. Kwa nasaba yeye ni katika ukoo wa pomboo, tunaomjua sote, naye ndiye mkubwa wao. Hupumua hewa kama sisi, huzaa na kunyonyesha. Waingereza wamempa jina la muuaji. Lakini haijathubutu kwamba orka aliye huru baharini amepata kumuua mtu. Waliofungwa katika mahodhi ndio waliowaua watu waliokuwa wakiwafunza michezo. Mwenye akili na alizingatie hilo.

Katika orka wa bahari hiyo wako wakaazi wasiokula ila samaki, khasa samaki mkubwa aitwaye Chinook. Hao huishi kwa jamaa, na mkuu wa jamaa ni mama au nyanya. Mtoto hamwachi mama yake, hata akiwa dume zima. Na kila kundi lina sauti zake za kuitana, zisizokuwa sawasawa na za kundi jingine. Mtaalamu wa Kanada, John Ford, alizichungua akathibitisha hayo. Kama sisi tunavyomtambua Mmvita na Mwamu kwa lafudhi yake kabla ya kumwona uso, ndivyo nao wanavyotambuana gizani chini ya maji. Qurani imekwisha kutufundisha kwamba wanyama ni umma mfano wetu. Wangapi katika sisi tumeisoma aya hiyo tukaipita mbio?

Sasa tazameni binaadamu alivyowatendea umma huo. Katika mwaka 1964 walitumwa watu kutoka mjini Vancouver kwenda kumchoma orka kwa chusa, auawe, ili mzoga wake uwe kielelezo cha kuchongea sanamu. Alipokuwa hakufa, alivutwa akafungwa, na hakuishi hata miezi mitatu. Watu walimiminika kumtazama, na wenye tamaa wakatambua kwamba mnyama huyu ni mali. Mwezi wa Agosti 1970, mahali paitwapo Penn Cove, jamaa nzima za orka zilifukuzwa kwa mashua, kwa ndege na kwa baruti, zikaingizwa nyavuni. Watoto walitengwa na mama zao. Na mama, waliokuwa na njia ya kwenda zao, walibaki nje ya nyavu wakilia. Watoto 7 waliuzwa. Wengine walikufa wamenaswa, na mizoga yao ikafungwa vitu vizito ikazamishwa, ili watu wasijue. Lakini bahari iliitoa pwani, ikawafedhehesha waliofanya hayo. Mmoja wa watoto waliouzwa, aliyepewa jina la Tokitae, aliishi katika hodhi mjini Miami mpaka alipokufa mwaka 2023, miaka 53 baada ya kutwaliwa kwa mama yake.

Ndugu zetu, imepokewa kwamba Mtume S.A.W. alikuwa safarini na masahaba zake, na baadhi yao wakachukua makinda mawili ya ndege. Mama yao akaja akipiga mbawa juu yao kwa uchungu. Mtume alipoona, aliuliza ni nani aliyemtia ndege huyu msiba kwa watoto wake, akaamuru warejeshwe. Hayo ni makinda mawili ya ndege mdogo wa jangwani. Je, itakuwaje hukumu ya Penn Cove? Wala mtu asituambie kwamba windo la bahari ni halali. Hatukatai, lililohalalishwa ni chakula na manufaa, na wale hawakuliwa wala hawakulisha maskini. Walitwaliwa wawe mchezo.

Lakini insafu yatutaka tuseme na upande wa pili. Katika miaka hiyo ya 1970 mtaalamu mwingine wa Kanada, Michael Bigg, aliyetakiwa kuwahesabu orka, aligundua kwamba kila mmoja hujulikana kwa alama na mapengo ya pezi lake. Akawapiga picha, akawahesabu mmoja mmoja. Na watu waliodhani wako maelfu wakaona kuwa ni mia chache tu. Hesabu hiyo, pamoja na ghadhabu ya raia, ilisaidia kuukomesha ukamataji. Katika jimbo la Washington mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1976. Hivyo macho yale yale yaliyowatia utumwani ndiyo yaliyowaokoa: mmoja alitazama kwa tamaa, na mwingine alitazama kwa kutaka kujua.

Na dhulma haikwisha kwa kuondoka nyavu. Orka wakaazi wa kusini mwa bahari hiyo leo hawafiki 80. Samaki wao wamepungua, maji yao yametiwa sumu za viwanda, na kelele za vyombo zimewazidi. Mnyama huyu hutafuta riziki yake kwa masikio: hutoa sauti na kusikiliza mwangwi unaomrudia kutoka kwa samaki. Mashini zikinguruma, ni kama mtu aliyefunikwa macho sokoni. Wataalamu wamepata kwamba vyombo vikikaribia chini ya yadi 400, majike aghlabu huacha kuwinda. Katika mwaka 2018 jike mmoja, aitwaye Tahlequah, alifiwa na mtoto wake saa ile ile aliyozaliwa, akamchukua maiti juu ya maji siku 17, mwendo wa kilomita kama 1,600. Na mwanzo wa mwaka 2025 alionekana tena akichukua maiti ya mtoto mwingine. Tangu mwaka huo 2025 sheria ya Washington inawataka wenye mashua wakae mbali na orka hao yadi 1,000.

Baada ya kuyajua hayo, jawabu letu ni hili. Kutoka kwenda kutazama viumbe vya Mwenyezi Mungu kwa kuzingatia ni jambo jema, nasi tumeamrishwa kuzifikiri mbingu, ardhi na bahari. Lakini lina masharti. Kwanza, mtu asitoe katika fedha iliyo haki ya watoto wake au ya mdai wake. Pili, asimuudhi anayemtazama. Kwani maudhi hayawi ibra. Tatu, arejee na kitu moyoni; ama mwenye kurejea na picha tu za kuwatambia wenziwe, huyo amekwenda kujitazama mwenyewe.

Wala tusidhani kwamba maneno haya ni ya Kanada na Marekani peke yake. Nyangumi wakubwa hupita katika bahari yetu, Watamu na kwingineko, baina ya Julai na Septemba, na mashua huenda kuwatazama. Na pomboo wa Kisite hutembelewa na wageni. Kazi hii ni halali, na yalisha nyumba nyingi za ndugu zetu. Lakini nahodha anayewakata pomboo njia, akawazunguka kwa mashini ili mgeni aone karibu na bakhshishi izidi, na ajue kwamba anauza asichokuwa nacho. Atasema, "Nisipokaribia mimi, mwenzangu atakaribia, na wanangu watalala njaa." Twamjibu kwamba riziki haiko mikononi mwa mgeni; na pomboo akiihama bahari hii kwa kusumbuliwa, watoto wa nahodha ndio watakaoanza kulala njaa. Wenye mashua na wakae pamoja, waafikiane mpaka wasioupita, na kila mmoja amchunge mwenziwe. Kwani mmoja akiutoboa mtumbwi, wanaozama ni wote.

Mnyama asiyekuwa na ulimi wa kushitaki hapa ana siku yake ya kushitaki. Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie macho yenye kuona na nyoyo zenye kuhurumia, wala asitufanye katika wanaodaiwa siku hiyo na viumbe vyake vya nchi kavu na vya baharini. Amin.