Saa za Usiku ni za Nani?



Mama mmoja wa upande wa Runyenjes aliniuliza swali baada ya sala ya jumuiya: "Katekista, ni dhambi mke kuyaonea wivu makaratasi?" Mumewe ni mwalimu wa shule ya sekondari. Mchana anafundisha, na usiku anaandika riwaya ambazo huzichapisha mwenyewe kwa fedha yake. Hanywi, hachezi kamari, wala hana mwanamke mwingine. Lakini kila anapoitwa, jibu ni lile lile: "Mama Watoto, ngoja nimalize sura hii, tarehe ya kupeleka kwa mpiga chapa imefika." Majirani wanamsifu kwa utulivu wake, kwa hiyo mama hana mahali pa kupeleka malalamiko. Atasema nini? Kwamba mume wake yuko nyumbani kila jioni?

Swali hili ni gumu kwa sababu hamna mwovu ndani yake. Mume akilewa muguka na chang'aa, sote twajua la kusema. Hapa tuna kazi njema na ndoa njema, na zote mbili zinadai saa zile zile kati ya saa mbili na saa sita za usiku.

Kwanza tuelewe kazi yenyewe, maana wengine hudhani mwandishi hukaa tu akiota. Mwandishi aliyechukuliwa na kampuni ya vitabu hupeleka mswada wake, na wengine huendelea nao: mhariri, mchora jalada, mpiga chapa, muuzaji. Anayejichapishia huwa ndiye hao wote. Ndiye anayetafuta namba ya ISBN kwa Maktaba ya Taifa, anayesahihisha makosa ya herufi, anayepanda gari hadi Nairobi kuzungumza na mpiga chapa, anayebeba maboksi na kuyaweka chini ya kitanda, anayezunguka shuleni na kwenye maduka ya vitabu, na baada ya miezi mitatu anarudi kuomba alipwe. Kitabu cha kwanza hakijamaliza kuuzwa, cha pili kinadai kuandikwa. Duka hufungwa, shule hufungwa, hata kiwanda cha kahawa hufungwa. Kazi hii haina mlango wa kufunga.

Wala si jambo la leo. Ng'ambo ya mlima wetu, kule Karatina, Gakaara wa Wanjau aliandika na kuchapisha vitabu vyake mwenyewe kwa Kikuyu tangu miaka ya 1940. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 alikamatwa kwa sababu ya maandishi yake, akakaa kizuizini miaka mingi, na alipotoka akarudi kwenye kazi ile ile. Shajara yake ya kizuizini ilitoka kwa Kikuyu mwaka 1983, na mwaka 1984 ikapata Tuzo ya Noma. Tukimtaja tunasema, "Huyo ndiye mwandishi." Mara chache tunamtaja mkewe, Shifra Wairire, aliyeolewa na mtu ambaye kalamu yake ingeweza kumtoa nyumbani kwa miaka.

Kisha yuko David Maillu wa Ukambani, aliyeanzisha Comb Books mjini Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Vile vitabu vyake vidogo, kama After 4.30 cha mwaka 1974, viliuzwa kama maandazi. (Wazazi wetu wengi walivificha chini ya godoro, Tanzania ilivipiga marufuku mwaka 1976.) Kampuni hiyo ilianguka kabla ya miaka kumi kwisha, lakini Maillu hakuacha. Alianza tena kwa jina lake mwenyewe, na mwaka 1991 akatoa Broken Drum, riwaya ya kurasa zaidi ya 1,000. Mimi nasoma pole pole, na hesabu ninayoifanya nikiona kitabu kinene kama hicho si ya kurasa. Najiuliza ni jioni ngapi zilizomo, na kila jioni ilitoka kwa nani.

Sasa turudi kwa yule mwalimu na neno lake, "tarehe imefika." Tarehe hiyo aliiweka nani? Ahadi huwa na mwenyewe. Nikikuahidi mbuzi, ni wewe tu unayeweza kunisamehe. Siwezi kujisamehe deni la mbuzi wako. Lakini nikijiahidi mwenyewe kumaliza kupalilia Ijumaa, naweza kusogeza hadi Jumatatu bila kumwomba mtu ruhusa. Mwandishi aliyeajiriwa ana bosi wa kumwekea tarehe. Anayejichapishia ndiye bosi na ndiye mfanyakazi, na tarehe yake, mwanzoni, ni ahadi aliyojipa. Ile ya altareni alimpa mtu mwingine mbele ya mashahidi. Kwa hiyo anapomwambia mkewe "siwezi, tarehe imefika," anasema lisilo kweli, ingawa hakusudii kudanganya. Anaweza. Neno la kweli ni "sitaki kusogeza." Neno hilo ni kali zaidi, lakini angalau watu wawili wanaweza kukaa chini wakalijadili. "Siwezi" hufunga mazungumzo.

Hata hivyo nisimwonee. Ahadi ya kujipa hugeuka haraka ikawa deni kwa wengine. Siku anapompa mpiga chapa malipo ya kwanza, siku anapopokea kwa M-Pesa fedha za wasomaji waliolipia kitabu kabla hakijatoka, siku anapomwambia mwalimu mkuu kwamba nakala arobaini zitafika kabla ya muhula kuanza, tarehe imeacha kuwa yake. Mke akisema siku hiyo, "Acha, tulale," anamtaka awavunjie watu neno, na hilo si haki. Ndiyo maana mabishano ya usiku wa mwisho hayana mshindi: kila mmoja ana haki, na wote wamechelewa. Saa ya kuulizana ilikuwa miezi minne nyuma, kabla ya shilingi ya kwanza kutoka na kabla ya tangazo la kwanza. Nimeona wanandoa wakigombana sana juu ya usiku mmoja wa Novemba, na kumbe kosa lilitendeka Julai, siku ambayo hakuna aliyekasirika.

Hayati Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, aliwahimiza wanandoa wasiache kuombana ruhusa, kushukuru na kuombana msamaha. Wanaume wengi wa kwetu hawalipendi hilo la kuomba ruhusa. "Niombe ruhusa nyumbani kwangu?" Lakini hapa si ruhusa ya mtoto kwa mzazi. Ni ya mtu anayetaka kutumia kitu cha wawili. Shamba likiwa na majina mawili kwenye hati, mmoja hauzi peke yake. Kanuni ya 1055 ya Sheria za Kanisa inaieleza ndoa kama ushirika wa maisha yote, na mimi sioni maisha yametengenezwa kwa kitu gani kingine zaidi ya saa.

Je, mke basi ana haki ya kukataa tu? Hapana. Ana haki ya kuulizwa na ya kusikilizwa. Hana haki ya kuua kipaji cha mwenzake kwa sababu kinamchosha. Tunaujua mfano wa yule aliyefukia talanta. Je, kama talanta ni ya mmoja na anayeifukia ni mwingine? Mume ambaye hasikii nyumbani ila "hayo makaratasi yako yatatulisha lini?" ataacha kuandika, kweli, lakini sina hakika kwamba atakayebaki mezani ndiye yule mke aliyemtaka. Mama wa Runyenjes aliniambia kwamba hajawahi kusoma hata riwaya moja ya mumewe. Nilimuuliza kwa nini. Alisema hajawahi kupewa. Yeye alingoja kupewa, na mume bila shaka alingoja kuombwa.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba mwandishi ni mume siku zote. Mwandishi akiwa mke, mambo huwa magumu zaidi, na lazima tuseme wazi. Mwanamume akiandika usiku, tunasema anafanya kazi. Mwanamke akiandika usiku, tunauliza kama vyombo vimeoshwa. Wake zetu wenye kipaji huamka saa kumi alfajiri, kabla ya kukamua ng'ombe, na saa hizo hawamnyang'anyi mtu isipokuwa miili yao wenyewe. Hakuna anayewalalamikia, na hilo lenyewe si dalili njema. Grace Ogot alikuwa muuguzi, baadaye mbunge na waziri msaidizi, na aliandika riwaya tangu The Promised Land ya mwaka 1966, ambayo, kwa kweli, inasimulia mume aliyetaka kuhama kutafuta mali na mke asiyetaka. Tawasifu yake, Days of My Life, ilitoka mwaka 2012 kwa Anyange Press ya Kisumu, na nyuma ya matbaa hiyo alikuwepo mumewe, mwanahistoria Bethwell Ogot. Mwanamume kushika upande wa uchapishaji ili kitabu cha mkewe kitoke, hilo ningependa kuliona pia Embu na Meru.

Kuhusu fedha sitasema mengi. Ya karo isiguswe. Vitabu vilianza kutozwa VAT ya asilimia 16 mwaka 2013, karatasi ni ghali, na nakala 500 zinaweza kulala chini ya kitanda miaka mitatu. Malipo ya kahawa yakitumika kupiga chapa, wote wawili wawe wamekubali, na wakubali kiasi kinachoweza kupotea bila mtoto kurudishwa nyumbani Januari.

Kuna jambo moja ambalo mama hakuliuliza, nami naliona zito kuliko saa. Mwandishi huchota wapi? Huchota kisima kilicho karibu. Siku moja mke atafungua kitabu na kukuta maneno aliyoyasema kitandani, yale ya mimba iliyotoka au ya mama mkwe, yakiwa kinywani mwa mhusika wa riwaya. Jina limebadilishwa, kijiji kimehamishwa kutoka Kianjokoma hadi Maua, lakini kila mtu wa jumuiya atajua. Mwandishi atasema, "Ni hadithi tu." Yaliyosemwa kati ya wawili yana wenyewe wawili, kama shamba lile. Mume anaweza kuandika machungu yake mwenyewe kwa uhuru wote. Machungu ya mkewe aliyapokea kama amana, na amana haiuzwi, hata kwa jina lingine. Amsomee kurasa hizo kabla hazijaenda kwa mpiga chapa. Akisema "hili litoe," alitoe, hata kama ndiyo sura nzuri kuliko zote. Najua nasema jambo gumu. Wapo waandishi watakaosema kwamba kwa sheria hiyo vitabu vikubwa visingeandikwa. Huenda. Lakini mtu akishajua kwamba kila neno lake laweza kuchapishwa, hunyamaza, na mume atakuwa amepata sura moja na kupoteza mazungumzo ya miaka ishirini.

Na ratiba? Wengi hunitaka niwaandikie ratiba: Jumatatu kuandika, Jumanne familia. Ratiba ya namna hiyo huvunjika mtoto wa kwanza akipata homa. Afadhali waanze na mwaka. Kwetu kahawa kubwa huiva kuanzia Oktoba hadi Desemba, na mikono yote inahitajika shambani. Januari ni karo. Mwandishi naye anataka vitabu viwe tayari shule zinapofunguliwa Januari, kwa hiyo huharakisha mswada Oktoba na Novemba, wakati ule ule mkewe yuko kwenye foleni ya kupima kahawa na gunia mgongoni. Hakuna sheria ya mbinguni inayosema hivyo. Wakae pamoja mwezi wa Februari, mambo yakiwa yametulia, na kalenda ya parokia mezani. Mswada umalizwe Juni, uende kwa mpiga chapa Julai, na vitabu vipatikane kabla ya maonyesho ya vitabu ya Nairobi ya Septemba. Januari vitakuwa dukani bado. Katika miezi mitatu ya kuchuma, kalamu ipumzike, isipokuwa Jumapili alasiri, na Jumapili hizo mke ndiye azitaje ni zipi. Mpiga chapa aliyezoea kuletewa kazi Novemba atanung'unika kidogo, kisha atachapa kadi za harusi.