Mchoro Usio na Jina

Kazi nyingi za mikono humtambulisha mwenyewe. Mshairi aweza kutaja jina lake katika beti za tamati, na fundi wa milango hujulikana mtaani kwa nakshi zake. Msanifu wa michoro ni kinyume chao. Huchora alama ya duka, jalada la kitabu au bango la njiani, kisha hujificha nyuma ya kazi yake. Watu huitazama kila siku, wala hawaulizi ni nani aliyeichora. Je, kitu kisicho na jina la mtu ni kitu kisicho na mwenyewe?

Tutazame leso, maana ni mchoro uliokaa karibu sana na maisha ya watu wa pwani. Leso ina pindo, ina mji, na ina jina. Jina hilo ni methali au kijembe. Silo jina la mchoraji. Leso za Kaderdina Hajee Essak, duka la Mombasa lililoanzishwa mwaka 1887, hubeba maneno "Mali ya Abdulla", ambayo ni alama ya mfanyabiashara. Basi lipo jina la leso na lipo jina la tajiri. Jina la mkono uliochora halimo.

Jambo hili si ovu kwa lenyewe. Leso hutengenezwa ili impambe mvaaji, na mchoraji aliyelipwa kwa ridhaa yake amepata haki yake. Uovu huanza pale mtu wa tatu anapodhani kuwa ukosefu wa jina ni ruhusa ya kuchukua.

Mfikirie kijana wa Kiembeni aliyefungua kibanda cha uchapaji. Mteja amleta mchoro wa mtu mwingine, amwambia: "Nifanyie kama huu, ubadilishe jina tu." Kwa kompyuta, kazi iliyomgharimu mwenzake siku tatu humalizika kwa dakika chache. Mteja afurahi, kijana apata fedha, na mchoraji wa kwanza hana habari. Nani aliyeumia?

Mtetezi wa tabia hii ana hoja yenye nguvu. Atasema: tazama kisutu, leso ya harusi yenye rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe. Viwanda vingi vimeichapa, kizazi baada ya kizazi, wala hakuna aliyeitwa mwizi. Kama kuiga kisutu ni halali, mbona kuiga alama ya duka iwe haramu?

Jibu ni kwamba kisutu ni kisima cha mji, na mchoro wa mtu aliye hai ni mtungi wake. Anywaye kisimani hamdhulumu mtu. Anywaye mtungi wa jirani bila kumwuliza amekunywa jasho la aliyekwenda kuteka, hata kama mtungi haukuandikwa jina. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda kazi za sanaa, na humpa msanii haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyeziunda. Lakini sheria haikai kibandani mchana kutwa, dhamiri hukaa. Kijana na ajiulize: ningeifanya kazi hii kama mwenye mchoro angalikuwa ameketi kando yangu?

Akikataa, huenda mteja akavuka barabara akaenda kwa jirani. Hasara hiyo ni ya kweli, na haifai kuidharau, kwa maana kodi ya kibanda hailipwi kwa wema. Hata hivyo, mahali ambapo kila mchoraji hula cha mwenzake, hakuna atakayetumia siku tatu kufikiri. Na siku ile kijana atakapobuni kitu chake mwenyewe, hatakuwa na kinywa cha kudai.

Wahenga walisema, chanda chema huvikwa pete. Chanda cha mchoraji hakionekani. Pete yake ni ujira wake na staha ya wenzake. Asimvue mtu pete hiyo kwa kuwa mkono umefichika.