Mana Haikupimwa kwa Ukubwa wa Ghala

Njaa ilipowashika wana wa Israeli jangwani, Mwenyezi Mungu aliwateremshia mana, akaamuru kila mtu aokote kadiri ya walaji waliomo hemani mwake. Aliyeokota nyingi hakubakiza, wala aliyeokota chache hakupungukiwa. Jambo hilo twalikumbuka tutazamapo jinsi Serikali ya Marekani ilivyowasaidia wakulima na wafugaji wa chaza mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona.

Katika Jimbo la Washington, kwenye pwani ya Bahari ya Pasifiki, iko wilaya ya mashambani iitwayo Pacific, yenye watu wapatao 23,000 tu. Wenyeji wake hulima na kufuga ng'ombe, na katika Ghuba ya Willapa hukuza chaza, ambao hukaa majini miaka miwili, mitatu au zaidi kabla ya kuvunwa. Wengi wa chaza hao huliwa katika mahoteli ya chakula. Basi, mwezi wa Machi 2020 mahoteli yalipofungwa ili kuzuia ugonjwa, soko lilikufa kwa siku chache. Lakini chaza hawakujua habari za amri hiyo. Waliendelea kukua, hata wakaelekea kupita kimo wakitakacho wanunuzi. Mfugaji alikuwa na mali majini, na nyumbani hana fedha.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya tarehe 27 Machi 2020 ilitenga dola milioni 300 kwa wavuvi na wafugaji wa baharini wa nchi nzima, na Jimbo la Washington likapewa kama milioni 50. Kwa wakulima zilitengwa dola bilioni 16 za kulipwa moja kwa moja. Tusizite fedha hizo sadaka. Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika barua yake *Mater et Magistra* ya mwaka 1961, alifundisha kwamba kuwalinda wakulima kwa mikopo, bima na bei za haki ni wajibu wa dola.

Lakini msaada ulipimwaje? Mvuvi alitakiwa athibitishe kwamba mapato yake yamepungua kwa zaidi ya asilimia 35, yakilinganishwa na wastani wa miaka 5 iliyotangulia. Mkulima alihesabiwa mazao na mifugo yake. Mwenye vingi akapata zaidi, mpaka dola 250,000 kwa mtu mmoja. Kweli, fedha za umma hazigawiwi bila ushahidi. Hata hivyo, kipimo hicho chapima hasara, hakipimi njaa. Tajiri ana karani wa kumjazia karatasi. Maskini auzaye kwa jirani bila daftari ataonyesha nini?

Ndugu zangu, tusiwanyoshee Wamarekani kidole. Mahindi ya njaa yaletwapo kijijini kwetu, nani huandikwa kwanza: jamaa wa mwenyekiti, au bibi asiyejua kusoma anayelea wajukuu yatima? Nawe kijana uliyesoma, je, umewahi kuketi naye ukamjazia fomu yake? Kalamu yako nayo ni mali, na mali ina wajibu.

Wazazi, wafundisheni watoto wenu kuuliza kwanza nani amebaki nje ya orodha. Maana siku ya mwisho Bwana wetu hatatuuliza ghala zetu zilikuwa kubwa kiasi gani, bali mwenye njaa tulimfanyia nini.